Injinia Thuo Alipoifungua Kompyuta Yangu

Kama ulikosa ya wiki jana, usijali, hukukosa kitu kizuri. Naitwa Wangeci. Nina duka dogo mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru, nadarizi nembo kwenye sweta za shule. Mume wangu Thuo alinitoroka baada ya Pasaka akahamia mtaa wa Free Area kwa Sue, mwanamke niliyemwajiri mwenyewe, nikamfundisha mwenyewe na kumwekea chakula chake kando kila akichelewa.

Walipoondoka walibeba televisheni, mtungi wa gesi na kitanda. Waliniachia mashine ya kudarizi kwa sababu ilikuwa nzito, na kompyuta kwa sababu ilikuwa mbovu.

Tulikuwa tumefika pale Mwalimu Kosgei, mkuu wa shule moja ya Subukia, alipoingia dukani akasema anataka sweta za shule nzima.

Shule nzima. Nilivuta kiti nikakipangusa, ingawa kilikuwa safi.

"Kwanza nionyeshe nembo yetu," akasema. "Ile ya ng'ombe na mlima. Nasikia unayo."

"Ninayo, Mwalimu. Iko kwa kompyuta."

Nikaiwasha.

Hiyo kompyuta ni ile ya sanduku, ya kukaa chini ya meza. Thuo aliileta tukiwa bado tunapendana, kwa hivyo unaweza kukisia umri wake. Siku hizi anaiita jeneza. Lakini nembo zote nilizowahi kutengeneza zimo humo, na mashine hudarizi ikivuta mchoro kutoka humo kwa waya. Kompyuta ikilala, mashine inabaki meza ya chuma.

Mwalimu akamaliza chai. Nikamwongeza. Akasoma gazeti mpaka akafika kwenye matangazo ya vifo. Kompyuta ilikuwa bado inazungusha kiduara chake, na ndani kitu kikilia tik, tik, tik, kama mtu anayegonganisha meno kwa baridi.

"Mama Joan," akasema polepole, maana jina hilo liko kwenye kibao juu ya mlango, "hii inafunguka ama inaomba?"

"Inafunguka, Mwalimu."

"Sawa. Mimi nitarudi Ijumaa. Nikipata nembo imeshonwa, kazi ni yako. Nikipata hiki kiduara, kuna watu wengi Nakuru wanaoshona."

Akavaa kofia yake akaondoka. Kiduara hakikumuaga.

Asubuhi iliyofuata nilienda kununua dawa ya ugonjwa huo. Kila mtu anajua jina lake siku hizi: SSD, ile diski mpya isiyozunguka, inayofanya kompyuta nzee iamke kama imechapwa kofi.

Nilianza kwa kijana mmoja anaitwa Karanja, anauza makava ya simu karibu na soko. Makosa yangu. Mtu anayeuza kava la simu na soksi kwenye meza moja hana jambo la kukuambia kuhusu kompyuta.

"Mathe, nakupatia ya kisasa kabisa," akasema. "Hii ndiyo fast kushinda zote."

Akanipa kijiti chembamba kama kipande cha chingamu. Nikakibeba kwa mikono miwili kama yai mpaka kwa Shantilal.

Mzee Shantilal ana duka la vifaa vya kompyuta mjini. Yeye hukaa kwenye kaunta na miwani puani, na binti yake Sonal ndiye hufungua mashine za watu. Sonal akakigeuza kijiti changu mara moja tu.

"Nani amekuuzia hii?"

"Kijana wa sokoni."

"Si mbaya. Lakini hii ni ya kompyuta za siku hizi. Yako haina mahali pa kuichomeka."

"Si kuna adapta?" nikauliza. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwa Karanja na nilitaka kulitumia.

"Adapta iko. Hata ukiichomeka na adapta, kompyuta ya umri huo haijui kuanza kuwaka kutoka kwa kitu kama hiki. Itaiona tu kama mgeni." Akatoa kwenye rafu kitu bapa, kama pakiti ya karata. "Unataka hii. Ni SSD pia, lakini inaingia kwa waya ule ule wa diski yako ya zamani."

Kisha akauliza, "Hiyo ya zamani, inalia?"

"Inalia tik tik."

Sonal na baba yake wakatazamana. Mzee akavua miwani.

"Mama, hiyo diski iko karibu kufa," akasema. "Usiwashe ovyo. Lete kompyuta hapa kesho asubuhi. Sonal atanakili kila kitu kwa hii mpya, halafu ile nzee unaweka kwa kabati. Hutupi, hugawi. Unaweka."

"Ina neno la siri, lile inalouliza ukitaka kubadilisha diski ya kuwakia," nikasema. "Aliyeliweka ni mume wangu."

"Hiyo si shida," Sonal akajibu. "Kuna betri ndogo ndani. Tukiitoa inasahau."

Sasa, wasomaji, sikilizeni vizuri. Nilikuwa na diski sahihi. Nilikuwa na fundi anayejua kazi, tena mwenye heshima. Neno la siri halikuwa tatizo tena. Mwanamke mwenye akili angebeba kompyuta yake asubuhi akaipeleka.

Mimi nilimpigia simu Thuo.

Nitawaambia ukweli, kwa maana nimeshachoka kujitetea mbele ya dada zangu. Nilitaka aje anione. Nilikuwa nimepaka duka rangi. Nilikuwa nimepata mteja mkubwa ambaye yeye hajawahi kupata mfano wake maishani mwake. Sikuwa nimekonda. Nilitaka aketi kwenye kile kiti aone jinsi ambavyo sijakonda.

"Baba Joan, habari."

"Mama Joan. Leo umenikumbuka."

"Nina kazi ya kompyuta. Nimepata oda ya shule nzima huko Subukia. Nikaona nikuulize lile neno la siri."

Hakukuwa na haja ya kutaja oda. Niliitaja. Hakukuwa na haja ya kutaja Subukia. Niliitaja pia, taratibu, ili aisikie vizuri.

Akadakia, "Shule gani?"

Nikamwambia. Kama ningekuwa na sahani ningemwekea juu yake.

"Hiyo si kazi ya simu," akasema. "Ni kazi ya kitaalamu. Nitakuja mwenyewe."

Akaja Jumatano asubuhi akinukia kama duka la kinyozi. Begani alikuwa na mfuko wa laptop, mtupu, umejikunja katikati. Shingoni alining'iniza kitambulisho cha semina, kimegeuzwa nyuma ili usisome ni cha mwaka gani. Thuo aliwahi kufanya kozi fupi ya kompyuta, na tangu siku hiyo ukimwita kwa jina lake bila kutanguliza Injinia, hasikii vizuri.

Mimi nami nilikuwa nimevaa gauni la harusi ya dada yangu, nikajifanya ni la kazi. Kwa hivyo tulikuwa wajinga wawili.

"Umepaka rangi," akasema.

"Kidogo tu."

"Rangi si mbaya." Akapiga magoti akafungua sanduku la kompyuta. Vumbi likamrukia usoni, akapiga chafya mpaka kitambulisho kikageuka. Kilikuwa cha semina ya ufugaji wa kuku.

Nilikitazama tu mpaka akakirudisha.

"Unaona hapa," akaanza, akigonga kile kisanduku cha umeme kwa bisibisi, "hii ndiyo motherboard, ule ubao mkuu."

"Nilidhani hiyo ndiyo inaingiza umeme."

"Ndiyo, inaingiza umeme kwa motherboard."

Alichomeka diski mpya kwa nje kwanza, kwa waya ambao Sonal alinipa asubuhi hiyo nilipomwambia tutanakili dukani, ili zile mbili ziwe pamoja na mpya inakili kutoka kwa nzee.

"Sonal amesema uangalie upande," nikamwambia. "Usije ukanakili diski tupu juu ya ile iliyo na kazi."

"Mwambie Sonal wako mimi nilisoma."

Nikamwona akiweka kidole kwenye skrini na kusoma maneno, mdomo ukitembea, akirudia na kurudia kabla ya kubonyeza. Nampa haki yake: alichagua upande sahihi. Hilo ndilo jambo pekee alilofanya sawa siku hiyo, na baadaye mtajua alikuwa na sababu yake.

Ilinakili mpaka mchana. Diski nzee ikilia tik tik, na sisi tukizungumza habari za mtoto wetu Joan na shule ya bweni kama watu wazima. Ilipomaliza, akaitoa diski nzee, akashika mpya, akatazama ndani ya sanduku. Akakuna kichwa.

"Huu waya wa umeme si wake," akasema. "Hii kompyuta ina plagi za zamani, kubwa. Enda uulize kwa huyo Mhindi wako adapta ya umeme."

"Si uende wewe?"

"Nani atalinda hii kazi?"

Nikaenda. Nilitembea haraka, na gauni la harusi, katikati ya mji. Sonal akanipa adapta, akauliza, "Ile nzee iko wapi?"

"Iko dukani na Injinia."

"Injinia gani?"

"Mume wangu. Yule wa zamani."

Sonal alinitazama vile watu wa kliniki hukutazama wakikuuliza nani alikushauri unywe hiyo dawa.

Niliporudi, Thuo alikuwa ameketi kwenye kiti changu, kompyuta imezimwa, amekunja nne. Akachukua adapta, akaunganisha. Diski mpya ilikuwa ndogo kuliko nafasi yake, haikuwa na mahali pa kufungwa skrubu, kwa hivyo akaibandika kwa selotepu.

"Haizunguki, haiwezi kuanguka," akasema.

Kompyuta ikauliza neno la siri ili iikubali diski mpya, akaliandika huku amefunika kwa mkono, kama ninataka kuiba benki yake. Akabonyeza.

Sikuwa nimemaliza kuketi. Ile kompyuta iliyokuwa ikisubiriwa kama mvua ilifunguka, rangi zote, kila kitu mahali pake. Kiduara kilijitokeza, kikaona hakuna kazi, kikaenda.

Nilipiga makofi. Naandika hili kwa uchungu. Nilipiga makofi, kisha nikatoa vikombe vya wageni, nikakaanga mayai, nikamwekea matatu.

"Unaona," akasema huku akitafuna, "mwanamume bado anahitajika."

Nikacheka. Hilo nalo naliandika kwa uchungu.

Alipoondoka nilisimama mlangoni nikimtazama mabega. Kama ningetazama mfuko wa laptop ningeona kwamba ulikuja umejikunja na ukaondoka umetuna. Lakini mimi nilitazama mabega.

Na zile nembo zangu? Sikuzifungua. Niliizima kompyuta na kuiwasha tena, kisha tena, kwa raha ya kuiona ikiamka, kama mtoto aliyepewa tochi. Haikunijia akilini kutazama ndani.

Alhamisi asubuhi Sonal akanipigia simu.

"Mama Joan, ile diski nzee umeiweka wapi?"

Nikatazama mezani. Nikatazama chini ya meza, nyuma ya mashine, ndani ya kikapu cha nyuzi. Nikampigia Thuo.

"Ile takataka?" akasema. "Nimekusaidia kuitupa." Na simu ikakatika.

Kabla sijaiweka chini, ikalia tena. Alikuwa Mwalimu Kosgei.

"Mama Joan, mbona hukuniambia mmehamia Free Area?"

"Nani amehama, Mwalimu?"

"Mumeo amepiga simu shuleni. Anasema duka la Mama Joan sasa liko Free Area, na nembo itakuwa tayari leo, si kesho. Ndiyo nimefika hapa. Wanaanza kushona."

Nilipanda bodaboda bila kuuliza bei, na anayenijua anajua maana ya hilo.

Kibao kilikuwa juu ya mlango. MAMA JOAN DESIGNS, rangi bado mbichi, herufi ya mwisho imetiririka mpaka kwenye ukuta. Nilikaa na huyo mwanamume miaka hiyo yote na hakuwahi kunipigilia hata msumari wa kalenda. Sasa alikuwa amenining'iniza mimi mzima.

Ndani, Mwalimu Kosgei alikuwa kwenye kiti cha plastiki na soda mkononi. Sue alikuwa kwenye mashine ya kudarizi ya kukodi. Thuo alikuwa mbele ya laptop, na kando yake, imelala uchi juu ya meza na waya umeingia, ilikuwa diski yangu. Niliisikia kabla sijaiona. Tik, tik, tik.

"Karibu, Mama Joan," Sue akasema, haniangalii.

"Mama Joan ni nani hapa?" nikamuuliza. "Maana naona mko wawili na kibao kimoja."

"Hii ni biashara ya familia," Thuo akaingilia. "Mwalimu anaelewa."

"Mimi sielewi," Mwalimu akasema. "Lakini endeleeni kushona."

Mashine ilikuwa imeanza. Ilivuta mchoro kutoka kwa diski yangu, kidogo kidogo, sindano ikipanda na kushuka. Miguu ya nyuma ya ng'ombe ilikuwa imekwisha. Mkia pia. Ulikuwa mkia mzuri.

Ile sauti ikabadilika. Tik ikawa tak, nzito, kama mtu anayeweka sahani kwa hasira. Najua nilichopaswa kufanya. Nilipaswa kusema zima, nakili kwanza, hiyo diski inakufa.

Nilisema, kwa sauti ya upole kabisa, "Baba Joan, hiyo umenakili?"

"Wewe ndiye utanifundisha?"

"La. Nauliza tu."

"Kaa hapo kando utazame kazi ya kitaalamu."

Nikakaa kando nikatazama. Diski ikalia tak, tak, kisha ikatoa sauti ndefu ya kukwaruza, kisha ikanyamaza. Sindano ikasimama hewani. Kwenye laptop kukatokea kiduara.

Thuo akachomoa waya na kuuchomeka. Akaipiga diski kofi. Akaipuliza. Akaiinua sikioni kama simu.

Mwalimu Kosgei akasimama, akaishika sweta, akaigeuza kwenye mwanga. Kwenye kifua kulikuwa na nusu ya ng'ombe, nusu ya nyuma. Tumbo lilianza vizuri halafu likaisha, kama ng'ombe ameingia ukutani.

"Injinia," akasema, "sisi tunakama ng'ombe, tunawajua. Kichwa chake kiko wapi?"

"Ni umeme, Mwalimu. Sue alishika waya."

"Sijashika waya," Sue akasema.

"Ulishika. Kila kitu ukishika kinaharibika."

Sue akageuka akamtazama. Mimi niliwahi kumtazama Thuo hivyo, na nilijua kilichokuwa kikipita moyoni mwake. Sikumhurumia. Nilifurahi, nikajiona mkubwa.

"Mwalimu," nikasema, "kila kitu kiko Bondeni, kimenakiliwa kwa diski mpya. Twende nikushonee ng'ombe mzima."

Nilitoka pale nimeinua kidevu. Mwalimu alinibeba kwenye pikapu ya shule, dereva wake kwenye usukani. Njiani alipitia duka la dawa za mifugo, akakawia huko akibishana kuhusu dawa ya kupe, nami nikangoja ndani ya gari nikitabasamu peke yangu. Kila nikimkumbuka Thuo na diski sikioni nilitabasamu upya.

Tulipofika dukani Mwalimu alimtuma dereva aende akapakie chakula cha ng'ombe, nami nikamkaribisha yeye kwenye kile kiti. Nikabonyeza. Kompyuta ikaamka papo hapo.

"Sasa hii imeokoka," Mwalimu akasema.

Nikafungua programu. Nikafungua folda ya nembo.

Ilikuwa tupu.

Nikaifunga nikaifungua. Tupu. Nikatazama pale takataka za kompyuta hukaa. Hata hapo palikuwa pamefagiliwa.

Ndipo nikaelewa kwa nini aliangalia upande kwa makini vile. Ndipo nikaelewa ile adapta. Nikiwa natembea mjini na gauni la harusi, mume wangu alikuwa amerudishia ile nzee waya wake, ameketi kwenye kiti changu akifuta kazi yangu kutoka kwa diski mpya, moja baada ya nyingine, ili yeye abaki na ya pekee. Na ile ya pekee ilikuwa imekufa mbele ya macho yangu siku hiyo hiyo, huku mimi nikiuliza kwa upole umenakili.

Ningesema neno moja la kweli kule Free Area, ingeokoka.

"Kuna shida?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Ni kasi tu, imezidi. Hebu nikupikie chai."

Nikatoka nje nikampigia Sonal.

"Zima kompyuta sasa hivi," akasema. "Sasa hivi, Mama Joan, hata kama inauliza maswali. Hizi SSD zina tabia ya kujifagia. Kitu kikifutwa, ikikaa imewashwa inakisafisha kabisa, haiachi hata alama. Labda bado kuna kitu, labda hakuna. Usiiwashe tena mpaka niione. Lakini tumaini kubwa ni ile nzee. Diski kama hiyo hata ikifa, wakati mwingine inaweza kusomwa. Itafute, uilete."

Nikarudi, nikachomoa waya ukutani. Mwalimu akanitazama.

"Naenda hapo mjini kuchukua kifaa," nikamwambia. "Chai iko kwa thamosi. Nakuomba uningojee."

"Gari halijarudi, nitaenda wapi?" akasema, akachukua gazeti. Lilikuwa lile lile la siku ile.

Nilikimbia mpaka kwa Shantilal. Nilikuwa nimepanga nimuulize Sonal vizuri, kisha niende Free Area nimpigie Thuo magoti ikibidi. Mimi, Wangeci, niliyetoka pale nimeinua kidevu.

Sikuhitaji kwenda. Sue alikuwa amesimama kwenye kaunta. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. Mbele yake, imefungwa ndani ya kitambaa chake cha kichwa, ilikuwa diski.

Sonal akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Sasa, hii ni ya nani?"

"Ni yake," Sue akasema, akinielekezea kidevu. "Mimi nimeileta tu. Najua alikufutia zile za Bondeni, nikajua utakuja hapa."

Nikanyoosha mkono. Sue akaweka wake juu ya diski.

"Ngoja kwanza, Mama Joan. Si bure."

"Unataka nini? Sema."

"Sitaki kitu chako. Nataka uchukue kitu chako." Akavuta pumzi. "Mchukue Thuo."

Nikadhani sijasikia vizuri. Mzee Shantilal naye alidhani hivyo, kwa sababu alivua miwani akasogea.

"Nimechoka naye," Sue akasema. "Tangu aje kwangu hajalipa hata tokeni ya stima. Analala mchana, akiamka anataka aitwe Injinia. Leo ananiambia mbele ya mteja kwamba kila nikigusacho kinaharibika. Mimi nilikuwa na kazi nzuri kwako, Mama Joan. Nilikuwa na amani yangu. Mchukue. Ukimchukua, diski hii hapa."

"Mimi simtaki."

"Hata mimi simtaki. Lakini wewe ndiye uliolewa naye kanisani."

Sonal akainama akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Na kama nikikataa?" nikauliza.

"Nitaenda nayo. Kuna mto wa maji machafu huko nyuma ya kwetu, itazama vizuri." Hakuinua sauti. Nilimfundisha mwenyewe kuongea hivyo na wateja wasumbufu. "Halafu si lazima ufikirie sana. Nimeshampandisha bodaboda na sanduku lake. Nimemwambia umemsamehe."

Simu yangu ikalia. Mwalimu Kosgei.

"Mama Joan," akasema, "mumeo amefika. Amekuja na sanduku na mto wa kulalia. Anasema amerudi nyumbani, na amekunywa chai yangu."

"Yuko wapi sasa, Mwalimu?"

"Ameketi kwa kompyuta. Anasema ulichomoa waya kama mtu wa kijijini, kwa hivyo anarekebisha. Ameiwasha."

Sonal akasikia. Akainuka, na hakuwa anacheka tena. Alikuwa anatikisa kichwa haraka haraka, mkono ukikata hewa: azime, azime.

Sue akasukuma diski mpaka ukingoni mwa kaunta, upande wangu. Lakini kiganja chake kilibaki juu.

"Sema tu unamchukua," akanong'ona. "Nitatoa mkono."

"Mwalimu," nikasema kwenye simu, "mpe Baba Joan niongee naye."

Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu, kikombe kikiwekwa chini, halafu ile sauti niliyopigia makofi jana, tamu, ya mtu aliyerudi kwake.

"Mama Joan, mpenzi. Usiwe na wasiwasi, nimeshaona tatizo. Hii kompyuta inaniuliza kama ifute kila kitu ianze upya. Nibonyeze ndiyo?"